Mwaka Rangi Nyeupe Ilipobanduka

Tulipomzika Wegesa mwezi uliopita, kule Morotonga kwa mwanawe, wanawake waliokaa nami mkekani walianza kuulizana huyu bibi wa Kenyamonta ni nani wa marehemu. Mmoja alisema ni dada yake. Mwingine akasema hapana, ni mke mwenzake. Niliwaacha wabishane, maana uji ulikuwa wa moto na nilikuwa na njaa ya safari. Kusema kweli hata mimi ningepata taabu kuwaeleza. Wegesa alikuwa jirani yangu, ua kwa ua, kwa miaka mingi kuliko niliyokaa kwa wazazi wangu. Mumewe alikuwa shemeji wa mama aliyenioa. Na ni kinywani mwake nilimosikia kwa mara ya kwanza, bila yeye kujua kwamba nasikia, kuwa nitarudishwa kwetu. Niliporudi nyumbani baada ya matanga niliona sina hamu ya kazi yoyote ila kukaa na kuukumbuka mwaka ule. Haukuwa mwaka mzuri. Lakini kila nikiukumbuka mabega yananishuka kama ya mtu aliyetua mzigo, na nimeona niuandike nikiwa bado nauona sawasawa.

Nimesema mama aliyenioa, na msomaji wa mbali atadhani kalamu imeteleza. Haikuteleza. Kwetu Wakurya mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, naye akawa mkamwana wake, ili watoto atakaowazaa na mwanamume wa kuchaguliwa wawe wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Nyangi alikuwa mjane, mabinti zake wote wameolewa mbali, na kama nyumba yake ingebaki tupu, shamba na zizi vingekwenda kwa Marwa, mdogo wa marehemu mumewe, mume wa huyo Wegesa, aliyekaa ng'ambo ya ua wa minyaa. Mimi, Ghati, nilikuwa msichana mkubwa wa miaka ishirini na kitu, na wenzangu wote walikwisha olewa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, Uhuru bado. Ng'ombe aliowatoa Nyangi hawakulala sana zizini kwetu, kaka yangu aliwachukua akaolea mke. Kwa hiyo kama ningerudishwa, ng'ombe wale wangetakiwa, na wifi yangu aliyekuwa na mimba angerudishwa kwao naye. Nililijua hilo tangu siku niliyoinama kuingia mlangoni kwa Nyangi. Sikuingia peke yangu, niliingia na wifi yangu mgongoni.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya msonge, pana, nusu ya kulala na nusu ya kazi, na mpaka wa nusu hizo ulikuwa vyungu tu. Vilipangwa chini vikapandiana hadi karibu na paa: vya kupikia, vya maji, na vile vikubwa vya pombe ambavyo wazee huvizunguka na mirija yao mirefu. Harufu ya mle ndani ilikuwa ya udongo mbichi na moshi, na mpaka leo mvua ya kwanza ikinyesha juu ya vumbi naigeuza shingo kana kwamba Nyangi ataniita. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu wa maneno. Mwaka ule jino lilikuwa linamsumbua, basi alishinda na tumbaku shavuni, na mtu anayetafuna tumbaku hana nafasi ya kusema mengi. Nilidhani ananichukia. Siku ya kwanza aliyoniita kazini alinipa kibakuli cha udongo wa manjano, akaniambia nipake shingo ya chungu rangi nyekundu. Nilimtazama nikijua ananicheka. Nikapaka hivyo hivyo, nikiwa na hasira, manjano juu ya udongo wa kijivu. Chungu kilipotoka motoni kilikuwa chekundu, wekundu mzito wa kuvutia, na mimi nikabaki nimekodoa macho. Nyangi alitema tumbaku pembeni, akasema, "Sasa umeolewa kwa mfinyanzi." Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu.

Vijana wanaoninunulia vyungu siku hizi huniuliza rangi nanunua duka gani. Nawaambia duka liko chini ya miguu yao, na wanacheka wakidhani bibi anawatania. Tulichimba kwenye kingo za makorongo, tukaanika, tukasaga juu ya jiwe lile lile la kusagia ulezi baada ya kulisugua vizuri. Unga ule tuliumwaga majini tukaukoroga. Mchanga unashuka upesi chini, na maji ya juu, yenye ule ulaini wenyewe, tuliyamimina kwenye chombo kingine yatulie hadi yawe mazito kama uji wa mtoto. Hapo ndipo rangi inapozaliwa, katika kungoja kule, na mimi sikuwa mtu wa kungoja. Tulipaka kwa unyoya wa kuku au kwa kijiti kilichotafunwa ncha, kisha tukasugua kwa kokoto laini ya mtoni mpaka kidole kiteleze. Nyekundu ilikuwa ya watu wote, hata wafinyanzi wa Kijaluo walioleta vyungu vyao mnadani walikuwa nayo. Nyeupe ndiyo iliyokuwa ya Nyangi. Kila chungu chake cha pombe kilikuwa na ukanda mweupe ndani ya mdomo, pale pombe inapofika kikijaa, na mwanamke aliyekitoa mbele ya wageni alijua kwamba wageni wameuona.

Weupe ule ulichimbwa mahali pamoja tu, kwenye ukingo wa mto, na masika yaliyotangulia ndoa yangu mto ulifurika ukapafukia kwa tope na mawe. Nyangi alitafuta pengine. Alipata ardhi nyeupe tepetepe juu kidogo, kwenye mteremko ambako ng'ombe wa kijiji huenda kulamba udongo. Mfinyanzi huonja udongo kabla hajaubeba, huweka kidogo ulimini akausikiliza. Naye aliuonja, nilimwona, aliisogeza tumbaku yake upande mmoja, akaonja, akatikisa kichwa kukubali, tukajaza vikapu. Rangi ilikuwa nyeupe kuliko ile ya zamani. Nilipaka mimi, maana mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka na wangu ulikuwa mtulivu. Jioni hiyo alinipakulia samaki wa mtoni, kipande cha kichwani ambacho alikuwa hampi mtu, akasema ukanda wangu umenyooka. Sikulala haraka. Nilijikuta najiuliza ni lini nimeacha kutamani kwetu. Nilikuwa nataka kubaki.

Basi hapo hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Vyungu vilitoka motoni vizuri, vikauzwa, vikaenda, na baada ya siku si nyingi habari zikaanza kurudi. Ukanda mweupe unabanduka. Kwa huyu umechubuka kama ngozi iliyoungua jua, kwa yule umetoka wote ukaacha mdomo wa chungu na vidonda. Nyangi alisema moto haukuwa sawa, tukaongeza kuni. Ukabanduka. Alisema hatukusugua vya kutosha, nikasugua mpaka kidole gumba kikaota sugu. Ukabanduka. Asubuhi moja nilikuwa nimeinama nyuma ya ua nachuma mboga, nikamsikia Wegesa akisema na mwanamke mwingine upande wa pili. Alisema miaka yote ya Nyangi haijawahi kutokea, ila tangu alipomleta yule msichana. Alisema mume wake anasema kila siku, yule ana mkosi, nyumba inamkataa, arudishwe ng'ombe warudi. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema kama mtu anayetaja kwamba mawingu yamekusanyika. Nilibaki nimechuchumaa na mboga mkononi mpaka walipokwenda, kisha nikaingia ndani nikapika ile mboga bila chumvi, na Nyangi akala bila kuuliza.

Watu huniuliza kwa nini nilimsamehe Wegesa. Sikuwa na cha kumsamehe. Alisema alichokiona, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini hivyo hivyo. Unapoambiwa umekuja na jambo, unaanza kujitazama mikono. Nilikuwa nikishika kuku wa kutaga naogopa atakufa. Nilimfikiria wifi yangu kule kwetu, na tumbo lake, akifunga vitu vyake kwa sababu yangu. Na nilijua pia ambacho kila mtu alikijua na hakuna aliyekitamka, kwamba nikiondoka mimi, Nyangi hatakuwa na nguvu ya kuoa tena, na shamba lake litavuka ua.

Kisha Marwa akaalika wazee wa ukoo kwenye pombe. Kwa heshima, au kwa kutafuta sababu, sijui, alitaka chungu kipya kutoka kwa Nyangi, na Nyangi hakuweza kukataa. Tulikipeleka wenyewe. Wazee walikaa kukizunguka kwenye vigoda vyao, mirija imeingia, mazungumzo ya ng'ombe na mvua yanakwenda polepole, na sisi wanawake tumekaa kando ya ukuta tukiwasikiliza. Mzee mmoja akaacha kuvuta. Akauchomoa mrija wake, akatazama ndani. Vipande vyeupe vilikuwa vinaelea juu ya pombe. Hakuna aliyepiga kelele. Mirija ilitoka mmoja mmoja ikalazwa chini, na ukimya ule wa mirija kulazwa chini sitausahau, maana mzee haachi pombe katikati ila kwa jambo moja tu, akihofia kilichotiwa ndani yake. Marwa alisimama. Alisema hamshutumu shemeji yake, shemeji yake amewanywesha wazee hawa tangu wakiwa vijana. Alisema wote wanajua kilichobadilika katika nyumba ile. Akaomba wazee warudi kesho kutwa waamue juu ya msichana. Nyangi alikuwa kando yangu na tumbaku yake shavuni.

Tangu pale hakuna kitu kilichopita kooni mwangu. Kesho yake Nyangi aliamka akaingia kwenye kona yake akawa anatazama vyungu tu. Nilijua anapima anirudishe au anibakize. Mimi nilifanya kazi za nyumbani maana sikujua kingine cha kufanya. Niliroweka ukwaju kwa ajili ya uji wa ulezi, nikauminya, nikawa navuka upande wa kazi na bakuli mkononi, nikajikwaa, maji ya ukwaju yakamwagika juu ya jiwe lenye unga wa rangi nyeupe. Unga ukachemka. Bila moto, bila chochote, ulitoa povu na kuchachatika mbele ya macho yangu kama maharage yaliyochacha. Wazo lililonijia ni kwamba basi ni kweli, nina mkosi, hata udongo unanikimbia. Nilikwisha chukua kitambaa nifute upesi kabla hajaona. Lakini Nyangi alikuwa ameona.

"Mwaga tena," aliniambia.

Nikamwaga. Ukachemka tena. Alisimama, akapanda juu ya kinu, akatoa kibuyu kilichoning'inia kwenye nguzo ya paa, ndani yake kulikuwa na tonge la weupe wa zamani, ule wa mtoni, alilokuwa amelibakiza. Alilisaga kidogo pembeni. Akachovya vidole kwenye ukwaju akadondosha. Kimya. Maji yalikaa juu ya unga kama yanavyokaa juu ya udongo wowote, yakanywewa. Akadondosha kwenye ule mpya, povu. Kwenye wa zamani, kimya. Alirudia mpaka bakuli likaisha. Kisha akakaa chini taratibu, akatoa tumbaku shavuni akaitupa motoni, na akawa anasema nusu na mimi nusu na nafsi yake. Alisema aliwahi kuwaona mafundi wa Mugumu wakichoma mawe meupe ya kupaka kuta, yale yanayotoa povu yakiguswa na kitu kichachu. Yakitoka motoni ni magumu, unaweza kumrushia mbwa. Yakipata maji, au hata unyevunyevu wa hewa tu, yanavimba na kusagika yenyewe. Sisi tulikuwa tunapaka vyungu chokaa. Tulikuwa tunaichoma, tunaiuza, na pombe ilikuwa inamalizia kazi.

Hapa nataka kueleza vizuri hali yetu ilivyokuwa, maana nimeona wajukuu wangu wakisikia kisa hiki wanadhani sasa mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Tulikuwa wawili tu tulioona povu lile. Mfinyanzi anayebeba udongo asioujua akawauzia watu vyombo vya kulia hana jina tena, na wafinyanzi wa Kijaluo walikuwa wanangoja mnadani na vyungu vyao visivyobanduka. Nyangi alikuwa na hilo jina tu. Angeweza kunyamaza, akanirudisha, akapata ng'ombe wake, akaufukua ule weupe wa mtoni, vyungu vikapona, na kijiji chote kingesema kweli, msichana ndiye. Nilimtazama usiku kucha kwa masikio, namsikia akijigeuza. Asubuhi alivaa shanga zake za shingoni, alizokuwa akizivaa kwa sherehe tu, akachukua mabakuli mawili yaliyofunikwa na kibuyu cha ukwaju, akaniambia nimfuate.

Wazee walikuwa wamekaa uani kwa Marwa. Niliwaamkia, wakaitikia wakiangalia chini, na hapo nikajua walikwisha kubaliana. Marwa alisema maneno yake kwa upole. Nyangi alimngoja amalize. Alipiga magoti, akaweka mabakuli chini, akayafunua, akamimina ukwaju. Mzee aliyekuwa karibu alivuta mguu wake nyuma povu lilipopanda. Nyangi aliwaeleza kila kitu polepole, mto, tope, mteremko wa ng'ombe, mafundi wa Mugumu. Alisema aliuonja udongo ule kwa ulimi uliokuwa umekufa kwa tumbaku, na mfinyanzi mwenye ulimi uliokufa angepaswa kukaa nyumbani akafuga kuku. Mzee mmoja akacheka kidogo, akajizuia.

"Mkamwana wangu hana mkosi," alisema. "Mkosi niliuchimba mimi, kwa jembe langu, yeye akabeba kikapu."

Marwa alimsogelea akainama, akasema kwa sauti ya chini, lakini sisi tuliokuwa karibu tulisikia. "Shemeji, fikiri. Ukishasema hivi, kesho wanawake wote watakurudishia vyungu. Hakuna atakayenunua kwako tena."

"Walete. Vyungu nitafinyanga vingine, Marwa. Huyu hafinyangwi."

Sikumbuki vizuri wazee walisema nini baada ya hapo. Nakumbuka mkubwa wao aliuliza kama kuna mwenye neno lingine juu ya mke wa Nyangi, akazungusha macho, na Marwa akatazama zizi lake, na hakukuwa na neno. Nakumbuka Wegesa ukutani alishusha pumzi kwa nguvu hata nikaisikia, na leo naamini alikuwa amefurahi, ingawa katika miaka yote ya kuchota maji pamoja hatukuwahi kulizungumza. Nilitembea kurudi nyumbani bila kuhisi ardhi. Nilipofika ndani nilikaa katikati ya vyungu nikalia mpaka kilio kikageuka kicheko, na nikicheka nalia tena. Wifi yangu atajifungulia kwetu. Hiyo ndiyo sentensi iliyokuwa inazunguka kichwani, wifi yangu atajifungulia kwetu, na kweli alijifungua pale, mtoto wa kike, wakampa jina langu. Nyangi alinivumilia kwa muda, kisha akaniambia inatosha, nipike ugali mkubwa, kesho watu watakuja tangu alfajiri na vyungu vyao na hasira zao na hatuwezi kuwapokea kwa tumbo tupu. Nilikula mpaka nikaona haya. Alinipakulia tena.

Na walikuja. Walikuja wakiwa na vyungu kichwani na mgongoni, wengine kutoka mbali, wakavitua uani kwetu wakamwambia Nyangi maneno ambayo mtu mzima haambiwi. Yeye aliinamisha kichwa akaitikia kila mmoja. Mimi nilikaa kando yake na kipande cha jiwe, nakwangua chokaa kutoka kwenye midomo ya vyungu, chungu baada ya chungu, vumbi jeupe limenijaa mpaka kope, na sijawahi katika maisha yangu kufurahia kutukanwa kama siku ile. Walitukana udongo. Walitukana mteremko wa ng'ombe, na tumbaku, na macho ya wazee wasioona wanachokunywa. Lakini kila aliyetaka chungu chake kikwanguliwe upesi aliniita mke wa nyumba ya Nyangi, nami niliitika.